Daraja la Uhasibu

Kazi yangu ni kusikiliza damu za watu.
Inafika mezani ikiwa bado na uvuguvugu wa mwenyewe,
naizungusha, inajitenga: wekundu unazama,
juu yanabaki maji ya manjano kama mafuta ya alizeti,
na humo mashine inatafuta kotisoli,
inanitolea namba.
Asubuhi namba huwa kubwa, ndiyo inayokutoa kitandani.
Jioni hutakiwa iwe imeshuka, imevua viatu.

Mwezi wa tatu nilijitoboa mwenyewe.
Nilikuwa na deni kwa Bi Sikudhani wa Tandika,
mkopo ule ule, kausha damu,
marejesho elfu tisa kila siku ya Mungu.
Simu ikitetemeka juu ya kaunta
natetemeka nayo.
Saa nne usiku mwili umelala, moyo ungali sokoni.
Namba yangu ya jioni ikatoka imesimama wima
kama askari wa zamu ya alfajiri.
Nikacheka peke yangu kati ya majokofu:
damu haijakauka. Imefurika.

Pazi, mlinzi wetu wa getini, ndiye aliyeniuzia fulana.
"Jumapili, saa kumi na moja na nusu. Usile."

Dar haina milima.
Wa kwetu tumejengewa, wa zege, pale Uhasibu,
na jina lenyewe! Nikajiona
nimefuatwa na hesabu hadi kwenye mbio.
Wenzangu wanaitikia, viganja vinapiga,
mimi sina pumzi hata ya kusema "subirini".
Ubavu unachoma, mate ni gundi.
Na kwa bahati mbaya nilikuwa nimesoma,
nikajua kinachotendeka humu ndani:
zile tezi mbili zilizovalishwa figo kama kofia
zinafungua bomba lile lile,
ini linadaiwa sukari, linatoa,
kotisoli inapanda pamoja nami.
Mwili haujui kusoma mkataba.
Mwanamke mwenye daftari, daraja lenye mwinuko,
kwake yote ni "kimbia".
Nani anazima moto kwa petroli?
Nikageuka nirudi. Pazi akaniziba njia kwa tumbo lake.

Kisha tukafika juu.
Makreni ya bandarini yamesimama kwenye ukungu,
makontena yamepangwa kama vibiriti,
na lami, bila kuniomba chochote,
ikaanza kushuka.

Hilo ndilo nililolipitia haraka darasani.
Hofu ya deni hupanda ikakaa huko huko,
haina upande wa pili.
Lakini hii ilipanda, ikafika, ikashuka,
na mwili, mwanafunzi mzito,
ukaandika mstari mmoja: kumbe huisha.

Sikupona kwa fulana.
Kuna wiki niliyokimbia kila siku, usiku silali,
nikitaka kuitoa Tandika yote kwa jasho;
nikapima, namba imerudi darini.
Pazi akaniangalia miguu iliyovimba:
"Dada, unakimbia au unakimbizwa?"
Nikapumzika siku nne. Nilikula, nikalala kama gunia.

Wiki ya kumi na nne nikafunga mkono kwa mpira,
nikatafuta mshipa.
Namba ya jioni ilikuwa imekaa chini.
Si chini sana. Imekaa tu,
kama mtu aliyepata kiti.

Deni bado, laki mbili na themanini.
Jana simu ikatetemeka juu ya kaunta.
Nikaipokea. "Shikamoo, Bi Sikudhani. Leo nina nusu."
Akaanza.
Nikausikia moyo ukichukua mwinuko,
hatua kwa hatua,
sikuuzuia.
Niliungoja ufike pale
makreni yanapoonekana.